Nakala Tatu za Sauti ya Mama

Ukutani, juu ya meza ya kompyuta, kuna karatasi niliyoibandika kwa selotepu. Mwandiko ni wangu, herufi kubwa: NAKALA TATU. MOJA KWENYE KOMPYUTA. MOJA KWENYE DISKI, UKIMALIZA CHOMOA. MOJA NJE YA NYUMBA. Kila siku naiona, kila siku naapa nitaibandua, na sibandui. Wateja wangu wakija kuchukua kadi zao za harusi huisoma na kunisifia, eti mwenzetu una utaratibu. Utaratibu! Namkabidhi mtu bahasha yake aende zake, maana nikifungua mdomo nitamtukana bure na hajanikosea kitu.

Nachapa kadi za mialiko nyumbani, chumba na sebule, ghorofa ya tatu, uchochoro mmoja nyuma ya Mtaa wa Msimbazi. Naishi na mama. Mama alikuja mjini kutoka Lindi akiwa binti, akauza nazi Kariakoo mpaka magoti yakakataa. Mdomo wake ulijulikana soko zima. Mteja akigongagonga nazi sana kabla ya kununua, mama alikuwa anamuuliza, "Unabisha hodi, kwani kuna mtu humo?" Watu walikuwa wanakuja kununua nazi moja ili wasimangwe kidogo, halafu wanaondoka wanacheka.

Nilianza kumrekodi kwa ukorofi tu. Alikuwa na hadithi yake ya siku ya kwanza mjini, namna alivyolala juu ya magunia ya nazi kwa sababu mwenyeji wake hakutokea. Kila akiisimulia, magunia yanaongezeka. Nikamtegea simu, siku ya pili nikamchezea: "Haya, jana magunia matatu, leo matano. Lipi la kweli?" Akaniangalia juu mpaka chini. "Wewe mtoto, unanirekodi, kwani mimi nakufa kesho?"

Lakini akanogewa. Ikawa yeye ndiye anaulizia, "Kile kidude chako kiko wapi? Leo nataka kumsema shangazi yenu." Akakaa hapo kwenye kiti chake cha mbao, kanga begani, akaongea. Alitaja ndugu zake wote, waliozikwa Lindi na waliozikwa hapa. Akaimba nyimbo za kutwangia alizofundishwa na bibi yake. Akaeleza samaki wa kukausha anavyoungwa na nazi, na hapo hapo akawasema wake wa watu wasiojua kuunga. Zikafika rekodi arobaini na kitu. Nilizihamishia kwenye kompyuta, nikazipa majina: Magunia, Shangazi wa Kwanza, Shangazi wa Pili, Samaki, Nyimbo.

Mdogo wangu hakupenda. Ni mimi na yeye tu, yeye ameolewa anaishi Buguruni. Siku moja alikuja akamkuta mama anaongea na simu imelala mapajani, akanivutia jikoni. "Dada, hivi ndivyo unavyofanya? Unakusanya sauti ya mtu mzima kama vile anaaga. Unamwitia mama kifo." Nikamwambia aache ushamba. Nilisema hivyo hivyo, ushamba, na nikacheka.

Haikupita miezi minne mama akaanguka bafuni. Kiharusi. Upande wa kulia ukalala, na maneno yakaondoka yote. Yote! Mama yangu mimi, aliyekuwa akiongea mpaka na sufuria, akabaki na "eee" moja ya kumaanisha kila kitu: njaa, maji, maumivu, hapana. Hospitali, mdogo wangu alikaa upande wa pili wa kitanda, hakuniangalia usoni. Alisema neno moja tu, "Nilikwambia." Mpaka leo nalisikia.

Tulipomrudisha nyumbani, mtaalamu wa mazoezi ya kuongea alinishauri nimsemeshe vitu anavyovijua tangu zamani, nyimbo, majina ya watu, maneno yaliyozoea kinywa chake. Nikawaza, ni nani anayeyajua maneno ya mama kuliko mama mwenyewe? Jioni hiyo nikamsogeza mbele ya kompyuta nikafungua ile ya magunia.

Siku ya kwanza alilia. Siku ya pili alikunja uso, anasikiliza kwa hasira, kama anayemsikia mtu anayemwiga. Sikuacha. Kila siku saa kumi, nikishaswali alasiri, tulikaa wawili. Wiki ya tatu midomo ikaanza kucheza. Halafu siku moja sauti ya kwenye kompyuta ikasema, "Mimi nilitoka Lindi," na mama naye, kwa tabu, mate yakimtoka, akasema pamoja nayo, "Li-ndi."

Nilipiga kelele jirani akaja mbio miguu mitupu, akidhani tumefiwa. Nikamwambia amesema! Amesema Lindi! Tukakumbatiana pale mlangoni, mimi na mwanamke ambaye siku zote tulikuwa tunagombania kamba ya kuanikia.

Baada ya hapo likaja "gunia". Likaja jina la bibi yake. Likaja, Mungu wangu, "mwanangu", maana katika zile rekodi aliniita hivyo kila alipotaka kunidharau: "Mwanangu, hujui kitu." Lakini alikuwa na sharti moja ambalo si yeye aliyeliweka. Bila ile sauti hakuweza. Ukimwambia sema Lindi, anahangaika, anatokwa jasho, inatoka "eee". Ukimfungulia, anaishika sauti yake ya zamani na kutembea nayo hatua mbili tatu. Akawa anajua saa yake. Ikifika saa kumi, anagonga mkono wa kiti mara mbili kwa mkono wa kushoto, ko ko, kama mteja wa nazi.

Hapo ndipo hofu iliponiingia. Kompyuta yangu ni ya mtumba, ilikuwa inazima yenyewe ikipata joto. Nikajiuliza, hii ikifa je? Nikamwendea fundi.

Fundi wangu ni Mhindi wa Kisutu, mzaliwa wa hapa hapa, na Kiswahili chake kinanishinda mimi. Ana chumba juu ya duka la vyombo, ukiingia unakuta kompyuta zimefunguliwa matumbo. Nikamweleza. Hakucheka. Alisukuma chai yake pembeni, akasema, "Dada, kitu ambacho kipo mahali pamoja, hesabu hakipo. Weka mahali patatu." Akanihesabia kwa vidole. Ya kwanza ndani ya kompyuta. Ya pili kwenye diski ya nje. "Kila Ijumaa unachomeka, inanakili yenyewe, ikimaliza unachomoa unaweka kabatini. Usiiache imechomekwa. Umeme wa mji huu unaujua." Ya tatu kwenye flashi, iende kwa mtu nje ya nyumba, maana moto au mwizi hachagui. Alitaja pia kuzipeleka mtandaoni. Nikakataa. Bando lenyewe la kuungaunga, na sikutaka maneno ya mama kuhusu mashangazi yakae mahali nisipopajua.

Kwa ajili ya hao hao mashangazi nikamwomba zile za kwenye flashi azifunge zote ndani ya faili moja lenye nywila. Akafunga. Tukajaribu kwenye kompyuta yake, tukafungua, sauti ya mama ikajaa kile chumba ikimsema mtu na wali wake wa bokoboko, fundi akacheka mpaka akavua miwani. Nilipokuwa naondoka akaniambia, "Na utakayempa akutunzie, mwambie kuna nini ndani. Mtu hatunzi asichokijua."

Nilivyofika nyumbani nikaiandika ile karatasi. Ukiitazama vizuri, hilo la mwisho halimo. Sikulisahau. Niliona halinihusu.

Maana mtu wa kumpa alikuwa mmoja tu, mdogo wangu. Na ningemwambiaje? Nimwambie hizi ndizo zile rekodi unazosema zilimwangusha mama, niwekee chumbani kwako? Asingezigusa. Sikutaka hata ajue kwamba mama anazisikiliza kila siku. Nilimwambia tu mazoezi yanaenda vizuri. Basi nikaenda Buguruni, nikampa flashi imefungwa kwenye kipande cha kanga. "Nitunzie. Ni kazi zangu za kadi." Akaipokea, akaitia kwenye droo ya kabati la televisheni. "Sawa dada." Nikarudi kwangu nimeshiba amani. Siku hiyo hiyo nikafuta rekodi zote kwenye simu ili nipate nafasi, maana sasa nina nakala tatu, nina wasiwasi gani?

Mwanzoni niliifuata karatasi kama dawa. Ijumaa nachomeka, nangoja, nachomoa, nafungia kabatini. Tatizo lilikuwa taa. Ile diski ina kitaa cha buluu kinachopepesa ikifanya kazi, na mama alikuwa amekigundua. Akaamua, sijui vipi, kwamba sauti yake inakaa mle. Nikichomoa anahamaki. "Eee! Eee!" Ananyoosha mkono, machozi. Nikiichomeka anatulia, anaangalia kile kitaa anatabasamu upande mmoja. Ijumaa moja nikaiacha, nikasema nitaichomoa akilala. Sikuichomoa. Jumamosi hivyo hivyo. Ilikuwa karibu na Ramadhani, watu wote wa mji huu wanaozesha kabla ya mfungo, kazi za kadi zimenijaa, na mama katulia. Nisingizie mapenzi peke yake nitakuwa muongo. Na uvivu ulikuwepo.

Jumanne, kama saa nne asubuhi, umeme ulikatika. Jambo la kawaida, wala sikuinuka jikoni. Baada ya robo saa ukarudi, na ukarudi vibaya. Taa ya sebuleni iliwaka nyeupe kupita kiasi, friji ikanguruma, halafu nikasikia pa! Nilipofika sebuleni harufu ya plastiki iliyoungua ilikuwa imetanda. Kompyuta kimya. Kitaa cha buluu hakipo. Mama alikuwa ananyooshea kidole pale kilipokuwa.

Nilizibeba zote mbili kwenye mfuko wa sandarusi hadi Kisutu, kwa miguu, naongea peke yangu njiani. Fundi alifungua kompyuta, akafungua diski, akainusa kwanza kabla ya kuipima. Alijaribu siku mbili. Alibadilisha vipande, alipiga simu kwa mafundi wenzake. Siku ya pili akaniambia, "Hizi zimekwenda, dada. Zote mbili. Lakini usilie, ndiyo maana tuliweka tatu. Lete ile flashi."

Nilikuwa nimekwishaanza kulia, nikafuta uso. Wallahi nilishuka zile ngazi nikicheka. Nikawaza, kumbe huyu bwana ana akili! Nikaenda Buguruni moja kwa moja.

Mdogo wangu alikuwa anachambua mchicha barazani. Nikamwambia nipe flashi yangu. Akainuka, akafungua droo, akanipa. Ile kanga haikuwepo. Nikaigeuza mkononi, nikamuuliza kanga iko wapi. "Si unajua wifi zangu walikuja kutoka Mtwara," akasema, "wakakaa wiki nzima, wanataka muvi. Nikaipeleka kule kwenye kibanda wanakoweka muvi zilizotafsiriwa. Wametuwekea nzuri, dada, za Kihindi na za Kikorea, chukua nawe ukamwonyeshe mama."

Sikuelewa haraka. Nilimuuliza, "Ulipeleka hii?"

"Ndiyo hiyo."

"Na vilivyokuwemo?"

"Haikuwa na kitu. Nilianza kuichomeka kwenye TV nikaangalia, ikaandika tupu. Hata yule wa kibanda alisema kuna faili moja tu halifunguki, akauliza alifute? Nikamwambia futa. Nilijua kadi za mwaka jana, dada. Harusi zimekwishapita, watu wana watoto sasa. Nani anataka kadi ya harusi iliyopita?"

Nani anamlaumu? Hapa mjini flashi ni kama sahani ya jirani, inaingia na pilau inatoka na kachori, hakuna anayeuliza. TV haikuweza kuonyesha faili lililofungwa kwa nywila. Ningekuwa mimi ningefanya vile vile.

Nilikaa chini pale barazani, juu ya mchicha wake. Ndipo nikamwambia. Nilimwambia yote, saa kumi, Lindi, gunia, mwanangu. Nilimwambia mama alikuwa anasema neno "mwanangu". Alinisikiliza mkono mdomoni. Nilingoja aseme tena, nilikwambia. Nilitaka aseme, ili nipate mtu wa kugombana naye. Hakusema. Alikaa akilia, halafu akauliza taratibu, "Kwa nini hukuniambia? Dada, sauti ya mama ningeipeleka kibandani mimi?"

Niliinuka nikapangusa mchicha kwenye nguo.

Tulirudi Kisutu pamoja. Fundi aliichomeka, akatafuta saa nyingi kwa programu zake za kufufua vilivyofutwa. Muvi zilikuwa zimejaa mpaka ukingoni. "Wameandika juu yake, halifufuki tena," akasema, na akaizungusha ile flashi vidoleni bila kututazama. Hakuniuliza kama nilimwambia mtunzaji kuna nini ndani. Aliona tumekuja wawili na macho mekundu, nadhani alijua. Hakutaka hata malipo, na hilo liliniumiza zaidi.

Nimetafuta kila pahali. Simu za watu, vikundi vya ukoo vya kutumiana ujumbe, jirani, binamu wa Lindi. Nilikuwa nimewahi kuwatumia vipande viwili vitatu, nao wakavifuta simu zilipojaa. Kimepatikana kimoja tu, ujumbe wangu wa sauti kwa binamu, naeleza habari za msiba mmoja wa ukoo, na nyuma yangu mama anakohoa. Basi. Sekunde mbili. Kikohozi bado anacho, sikihitaji kwenye simu.

Kinachonitia wazimu ni yule kijana wa chini, muuza viatu. Ana kipaza sauti chake amekirekodi, kinaanza asubuhi mpaka jua linazama: "Chagua chagua, mzigo mpya, chagua mama, chagua dada." Kila siku, mwaka wa tatu huu. Mvua, jua, mgambo, hakipotei. Kuna siku nilichungulia dirishani nikatamani kumrushia ndoo ya maji. Amefanya nini yule kijana? Hajafanya kitu. Sauti yake ipo, basi.

Siku niliyotoka kwa fundi mara ya mwisho nilifika nyumbani alasiri. Jirani aliyekuwa anakaa na mama akaondoka. Niliswali, sijui hata niliomba nini. Meza ya kompyuta ilikuwa tupu, nimeifunika kitambaa cha mezani ili isionekane ilivyo. Nikamgeuza mama kidogo aangalie upande wa dirisha. Saa kumi ikafika. Akagonga mkono wa kiti. Ko ko.

Nikajifanya nakunja nguo.

Ko ko. Akageuza shingo kwa nguvu zake zote, akaangalia kile kitambaa, akaniangalia mimi. "Eee?"

Mwanamke huyu hakuwahi kunidanganya, labda kwa idadi ya magunia tu. Ningeweza kupiga magoti nikamshika mkono nikamweleza. Ningeweza kumwambia, mama, nimeipoteza, zote tatu. Nilifungua mdomo na kilichotoka ni hiki: "Umeme hakuna, mama. Umekatika."

Juu yetu feni ilikuwa inazunguka. Upepo wake ulikuwa unapeperusha ncha ya kanga yake. Mama aliinua macho akaitazama, akaitazama muda mrefu, halafu akayashusha kwangu. Kwa ulimi wake wa zamani angenimaliza pale pale. Angeuliza, hiyo feni nayo inazungushwa na shangazi yako? Nilimsubiri aseme. Midomo ilicheza kidogo, ikaacha.

Akainamisha kichwa polepole, kukubali. Halafu akaninyooshea ule mkono mzima, nikausogelea, akanipapasa kichwa kama nilipokuwa mdogo nikiumwa.

Tangu siku hiyo hajagonga tena. Saa kumi ikifika tunakaa wote wawili, feni inazunguka, na chini yule kijana anasema chagua mama, chagua dada.